Treni ya sumaku: kuelea si kazi, kazi iko kwenye njia. Uzi wa hesabu na vipimo

Fundi_Koili · #1

Wakuu, kila treni ya sumaku inapotajwa humu, mjadala huishia kwenye "inaelea, haina msuguano, basi ni rahisi." Nafungua uzi huu tuitazame kiufundi. Hoja yangu ni moja: kuinua gari la makumi ya tani kwa sumaku ni jambo lililokwishapatiwa ufumbuzi. Kinachoamua kama mradi utasimama au utakufa ni njia yenyewe, yaani boriti, koili zilizofungwa humo na umeme unaozilisha.

Mwaka 1842 Samuel Earnshaw alionyesha kimahesabu jambo ambalo kwa sumaku lina maana hii: sumaku za kudumu peke yake, uzipange utakavyo, haziwezi kukishikilia kitu hewani kikatulia. Lazima kitakimbilia upande mmoja. Kwa hiyo ile picha ya ncha mbili zinazofanana zikisukumana na treni ikakaa juu yake haifanyi kazi. Wahandisi walipitia milango miwili.

Mlango wa kwanza ni kuvuta. Mjerumani Hermann Kemper alipata hataza yake mwaka 1934, na Transrapid, treni ya sumaku ya Wajerumani, ndiyo matunda ya wazo hilo. Gari lina mikono inayokumbatia boriti mpaka chini yake. Sumaku-umeme zimekaa kwenye mikono hiyo zikitazama juu, nazo huvutwa na chuma kilichofungwa upande wa chini wa boriti. Mwanya kati ya sumaku na chuma ni kama mm 10.

Balaa la mfumo huu ni kwamba nguvu ya kuvuta inalingana na mraba wa mkondo ukigawanywa kwa mraba wa mwanya. Mwanya ukishuka kutoka mm 10 hadi mm 9 bila kugusa mkondo, nguvu inapanda kwa asilimia 23. Sumaku inazidi kukimbilia chuma, nguvu inazidi kupanda. Ukipiga hesabu ya mwendo huo, kosa dogo linajizidisha mara 2.7 kila milisekunde 23 hivi. Kosa la mm 1 linakuwa mm 10, yaani kugonga, ndani ya sehemu ya ishirini ya sekunde. Kwa hiyo kila sumaku ina sensa ya mwanya na sensa ya mchapuko, na kompyuta inarekebisha mkondo maelfu ya mara kwa sekunde. Kuzishikilia sumaku hizo kunagharimu kilowati 1 hadi 2 tu kwa tani. Umeme si tatizo hapo, tatizo ni kutochelewa.

Mlango wa pili ni kusukuma kwa mikondo inayozaliwa na mwendo, ndio wa Wajapani. Huo namwachia anayeufahamu vizuri zaidi.

---

Heliamu4K · #2

Naupokea, mkuu. Msingi wake ulitolewa na Wamarekani wawili, James Powell na Gordon Danby, waliopata hataza mwishoni mwa miaka ya 1960. Gari linabeba sumaku za superkondakta, yaani waya ambao ukipoozwa sana unapitisha umeme bila ukinzani wowote, zenye nguvu sana. Kuta za njia zina koili zilizosokotwa kwa umbo la namba 8, na kwa ajili ya kuinua koili hizo hazilishwi umeme wowote. Sumaku ikipita katikati kabisa ya namba 8, nusu ya juu na nusu ya chini zinafutana, hakuna mkondo. Gari likishuka kidogo, nusu ya chini inapata uga (nguvu ya sumaku iliyotanda) mwingi zaidi, mkondo unazaliwa, nusu ya chini inasukuma juu na nusu ya juu inavuta juu. Kadiri linavyoshuka ndivyo linavyoinuliwa. Linajirudisha lenyewe bila kompyuta. Koili za kuta mbili zikiunganishwa kwa nyaya zinazopita chini ya njia, gari linarudishwa katikati kwa namna hiyo hiyo.

Mwanya ni kama sm 10, mara kumi ya ule wa Transrapid. Japani ni nchi ya matetemeko, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuuchagua mfumo huu.

Gharama yake iko wapi?

Kwanza, ukisimama huelei. Mikondo inazaliwa na mwendo, kwa hiyo gari linatembea kwa magurudumu ya mpira mpaka karibu km 150 kwa saa ndipo linapopaa. Magurudumu hayo yanashuka na kukunjwa kama ya ndege, nayo yana hatari zake: mwaka 1991 gari la majaribio liliteketea kwenye njia ya majaribio ya Miyazaki, Japani, moto ukianzia kwenye gurudumu. Tangu hapo vifaa vya sehemu hiyo vilibadilishwa visishike moto kirahisi.

Pili, mikondo hiyo inakokota. Ukinzani wa sumaku unafika kilele kwenye mwendo mdogo, kisha unapungua kasi inapoongezeka, kinyume kabisa na ukinzani wa hewa.

Tatu, ubaridi. Nyaya za niobi na titani zinahitaji heliamu ya kimiminika, nyuzi −269 za Selsiasi. Joto la wati 1 tu likipenya ndani linageuza kuwa gesi lita 1.4 hivi za heliamu kila saa. Hapa ndipo palipowatesa miaka ya mwanzo. Koili za ukutani zimekatikakatika, si uga laini mfululizo, kwa hiyo sumaku ikipita kwa kasi kasha lake linatikiswa. Mtikisiko unazaa mikondo ya mzunguko kwenye metali, mikondo inazaa joto, na sehemu moja ya waya ikipanda nyuzi chache tu inaacha kuwa superkondakta. Joto linasambaa na sumaku nzima inazimika ghafla. Dawa ilikuwa kukaza koili ndani ya kasha zisisogee hata kidogo, na kuongeza ugumu wa kasha lenyewe. Sumaku za bismuthi, zinazofanya kazi kwenye baridi isiyo kali kiasi hicho na zisizohitaji heliamu ya kimiminika, zilijaribiwa mwaka 2005 mpaka km 553 kwa saa.

---

MsomaRamani · #3

> Heliamu4K alisema: Mwanya ni kama sm 10

Mkuu, basi Wajapani hawahitaji njia iliyonyooka sana? Na kama koili za kuinua hazilishwi umeme, treni inasukumwa na nini?

---

Heliamu4K · #4

Wanaihitaji. Mwanya mkubwa unakuokoa usigonge, haukuokoi na mtikisiko. Kwenye km 500 kwa saa, kasoro ndogo inayojirudia kila mita kadhaa inageuka kuwa mtetemo, abiria wanausikia na sumaku zinapata joto kama nilivyoeleza. Unachokusamehe mwanya mkubwa ni ardhi kushuka kidogo au boriti kupinda kwa jua. Kuhusu msukumo, kuna koili nyingine ukutani ambazo ndizo zinazolishwa umeme. Umeme_Mkubwa yupo humu, aliseme hilo.

---

Umeme_Mkubwa · #5

Nipo.

Chukua mota ya kawaida yenye stata (sehemu isiyosogea) inayoizingira rota (sehemu inayozunguka). Ipasue, inyooshe iwe bapa. Stata ilaze kwenye njia kilomita zote, rota iwe ni sumaku za treni. Basi. Uga unakimbia kwenye stata na treni inakimbia nao, haiuachi wala hauiachi. Mifumo yote miwili ya kasi kubwa inatumia mota hii. Tofauti ni vipimo.

Kasi = 2 × umbali kati ya ncha mbili zinazofuatana × mizunguko ya umeme kwa sekunde.

Transrapid ina umbali wa ncha wa mm 258. Kwa km 500 kwa saa, yaani mita 138.9 kwa sekunde, unahitaji umeme wa Hz 269. Mfumo wa Japani una umbali wa ncha wa mita 1.35, kwa hiyo kasi ileile inahitaji Hz 51 tu. Tofauti hiyo inagusa kila kitu: upotevu kwenye chuma, ukubwa wa inveta (mashine inayotengeneza umeme wa mizunguko unayoitaka), volteji inayohitajika kusukuma mkondo ndani ya koili ndefu.

Huwezi kulisha kilomita 300 za stata kwa pamoja. Treni inatumia mita mia na kitu, kilichobaki kingekuwa waya unaopata joto bure. Njia inakatwa vipande, na swichi zinawasha kipande kilicho chini ya treni na kinachofuata, kisha zinazima cha nyuma. Kipande kirefu kinapunguza idadi ya swichi lakini kinaongeza upotevu. Kifupi kinafanya kinyume. Mara nyingi vipande vya kushoto na kulia havibadilishwi mahali pamoja, vinapishana, ili upande mmoja uendelee kusukuma wakati mwingine unabadilishwa. Mkivibadilisha pamoja, abiria watahisi mshtuko kila kipande.

Na hapa namuunga mkono mwenye uzi: mota iko ardhini. Kwenye reli ya kawaida unanunua mota kwa kila treni. Hapa unanunua mota kwa kila kilomita, iwe inapitiwa na treni mbili kwa siku au mia mbili. Faida ni kwamba treni haibebi transfoma wala mota, ni nyepesi, na nguvu unaizidisha pale tu unapoihitaji. Penye mlima au pa kuondokea unaweka inveta kubwa, penye tambarare ndogo. Pia haitegemei mshiko wa gurudumu kwenye chuma, na ndiyo maana Transrapid ilisanifiwa kupanda mwinuko wa asilimia 10.

Kingine kinachosahaulika: kwa kuwa mota iko ardhini, treni mbili haziwezi kukaa kwenye eneo moja la kulishwa umeme. Nafasi kati ya treni na treni unaiamua siku unapopanga vituo vya umeme. Ukivipunguza ili kuokoa fedha, baadaye hutaongeza treni hata abiria wakijaa.

---

Kasi_Tulivu · #6

Jamani, lakini si inatumia umeme kidogo kwa kuwa haina msuguano? Hiyo ndiyo sababu ya kuijenga.

---

Umeme_Mkubwa · #7

Hapana mkuu, na kosa hili linapotosha mijadala mingi. Kwenye kasi kubwa msuguano wa gurudumu la chuma ni sehemu ndogo. Adui ni hewa, na hewa haijui kama una magurudumu au huna. Ukinzani wake unakua kwa mraba wa kasi, nguvu ya mota inakua kwa mchemraba. Kutoka km 300 hadi km 500 kwa saa, kwa umbo lilelile, nishati ya kushinda hewa kwa kila kilomita inakuwa mara 2.8, na nguvu inayohitajika wakati huohuo inakuwa mara 4.6.

Kwa kasi sawa, treni ya sumaku inaweza kuwa na nafuu kiasi. Lakini hakuna anayeijenga ili iende kasi sawa. Na gurudumu la chuma nalo lisidharauliwe: tarehe 3 Aprili 2007 TGV ya Ufaransa ilifika km 574.8 kwa saa kwenye reli. Rekodi ya sumaku ni km 603, kwenye njia ya majaribio ya Yamanashi, Japani, tarehe 21 Aprili 2015. Tofauti haiko kwenye rekodi, iko kwenye kile unachoweza kurudia kila siku bila kula reli, magurudumu na waya wa juu.

---

Boriti25 · #8

Naomba niingie kwenye zege, maana ndiko nyumbani kwa uzi huu.

Njia ya Shanghai ina km 30, kutoka Longyang Road hadi uwanja wa ndege wa Pudong, na boriti zake nyingi zina urefu wa karibu mita 25. Treni ikienda km 431 kwa saa inavuka boriti moja kila sehemu ya tano ya sekunde, yaani karibu mara 4.8 kwa sekunde. Kama boriti yako inapenda kutetemeka karibu na namba hiyo, umekwisha. Lazima mtetemo wake wa asili uwe juu yake kwa nafasi ya kutosha, na hilo linadai boriti nene, ngumu na nzito. Kigezo cha kupinda kilichotumika kwa boriti za namna hii ni urefu ukigawanywa kwa 4800. Kwa mita 25 ni mm 5. Madaraja ya kawaida hayabanwi namna hiyo. Na hizo mm 5 ni nusu ya mwanya wote, sumaku lazima zizifuate zikishuka na kupanda.

Jua sasa. Chukua boriti ya zege ya mita 25 yenye kimo cha mita 2.2. Upande wa juu ukiwa na joto la nyuzi 10 zaidi ya wa chini, boriti inajikunja katikati kwa zaidi ya mm 3. Hakuna treni juu yake bado, ni jua tu. Dawa mojawapo ni kuunganisha boriti mbili zifanye kazi kama moja juu ya nguzo tatu, mkunjo unapungua.

Ardhi. Shanghai imekaa juu ya udongo laini wa mto. Nguzo zinashuka kidogo kidogo hata ukiweka marundo marefu ya msingi, kwa hiyo vikalio vya boriti vimetengenezwa viweze kurekebishwa baada ya ujenzi. Asiyeweka nafasi ya kurekebisha siku ya kwanza atavunja zege miaka kumi baadaye.

Kisha vipande vya stata vinavyofungwa chini ya boriti. Hivi ndivyo vinavyobeba uzito wote wa gari, kwa kuning'inia. Boliti moja ikilegea hutaiona ukitembea juu. Kwa hiyo ufungaji wake una kinga ya pili: kifungio kikuu kikikatika, kipande kinashuka milimita chache tu na kushikwa na kinga hiyo, na treni inayopita juu yake inakigundua kwa sensa zake za mwanya. Ni usanifu wa akili sana, kwa maoni yangu ni bora kuliko vingi vinavyosifiwa kwenye treni hizi.

Tatizo la mwisho linawashangaza wengi: mfumo wa kuvuta unaweza kutetemeka vibaya treni ikiwa imesimama. Sumaku inavuta boriti, boriti inapinda, sensa inaona mwanya umebadilika, kompyuta inarekebisha, boriti inarudi, na wote wawili wanaanza kucheza pamoja. Hutokea zaidi kwenye boriti nyepesi za chuma, hasa karakana na kwenye sehemu za kubadilisha njia. Hapo ama uongeze uzito wa boriti, ama kompyuta ifundishwe kutojibu mtetemo wa kiwango hicho.

---

MsomaRamani · #9

Umetaja kubadilisha njia. Kama mikono inakumbatia boriti, treni inahamaje kwenda njia nyingine?

---

Boriti25 · #10

Boriti yenyewe inapindwa. Ni boriti ya chuma, fupi kwa matawi ya mwendo mdogo, ndefu zaidi ya mita 100 kwa matawi ya kasi. Mwisho mmoja umefungwa, sehemu iliyobaki inakaa juu ya magurudumu na mashine zinaisukuma pembeni mpaka itazame njia nyingine, kisha inakomewa. Hakuna upenyo kwenye njia, kwa hiyo treni inapita moja kwa moja bila mshtuko. Lakini ni mashine kubwa, polepole, ghali, na kituo chenye majukwaa sita kinahitaji kadhaa. Hapo ndipo wasanifu wanapofanya njia ionekane rahisi kwenye ramani kisha stesheni ikala bajeti.

---

Kasi_Tulivu · #11

Sawa, nimekubali la umeme. Swali la usalama: umeme ukikatika ghafla kwenye km 400 kwa saa?

---

Fundi_Koili · #12

Haianguki. Kwenye mfumo wa kuvuta, sumaku zinalishwa na betri zilizomo ndani ya gari, na treni ikiwa kwenye mwendo mkubwa jenereta zilizofumwa ndani ya sumaku zenyewe zinazalisha umeme kutokana na mwendo. Breki ya dharura ni sumaku zinazozaa mikondo kwenye reli za pembeni, haihitaji umeme wa njia. Ikishafika mwendo mdogo sana inashuka kwenye vikalio vya kuteleza na kusimama. Mfumo wa Japani unaendelea kuelea kwa mwendo wake mwenyewe, kisha magurudumu yanashuka. Kinachohitajika ni nafasi: kwa kupunguza mita 1 kwa sekunde kila sekunde, kutoka km 500 kwa saa unasimama baada ya km 9.6 na sekunde 139. Na mahali pa kusimama pasiwe popote. Programu inahesabu muda wote ni kituo gani cha kuokolea abiria treni inaweza kukifikia hata umeme wote ukipotea.

Ajali kubwa ya teknolojia hii haikutokana na sumaku. Tarehe 22 Septemba 2006, kwenye njia ya majaribio ya Emsland karibu na Lathen, Ujerumani, treni iligonga gari la matengenezo lililokuwa bado juu ya boriti. Watu 23 walifariki. Gari lile halikuwa ndani ya mfumo wa ulinzi wa kiotomatiki, lilitegemea watu kukumbuka kuwa lipo. Mifumo mingine yote inayolinda treni dhidi ya treni ilikuwa haina habari nalo. Mtu yeyote anayesanifu njia ya aina hii, chochote kinachoweza kukaa juu ya boriti lazima mfumo ukione, hata kama ni kitoroli cha kubadilishia taa.

---

MsomaRamani · #13

Basi naomba hesabu ya mwisho. Umbali gani unaanza kuistahili?

---

Fundi_Koili · #14

Tupige. Sumaku: km 500 kwa saa, kuongeza na kupunguza kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde. Reli: km 300 kwa saa, kwa nusu mita.

Km 30: sumaku dakika 6, reli dakika 8 na sekunde 46. Umeokoa chini ya dakika tatu, na theluthi mbili ya safari ulikuwa unapanda au unashuka kasi.

Km 300: sumaku dakika 38, reli dakika 63. Umeokoa dakika 25.

Linganisha na mpango wa Chuo Shinkansen, njia ya sumaku ya Japani: Shinagawa hadi Nagoya, km 286, dakika 40, kasi ya km 505. Hesabu inakaa. Lakini tazama wanachokilipia: karibu asilimia 86 ya njia ni mahandaki, kwa sababu kwenye kasi hiyo kona haziruhusiwi kuwa kali, nusu kipenyo kisipungue mita 8000, na milima haiwezi kuzungukwa. Hofu kwamba handaki litapunguza maji ya mto Oi pale Shizuoka ikachelewesha ujenzi, na lengo la kufungua mwaka 2027 likaachwa.

---

Boriti25 · #15

Ongeza hapo kwamba handaki si shimo tu. Treni ikiingia kwa kasi inasukuma wimbi la kanieneo linalokimbia mbele kwa kasi ya sauti, na likitokea upande wa pili linapiga mlio kama baruti. Ndiyo maana pua ya treni ile ina urefu wa mita 15 na milango ya mahandaki inajengewa vifuniko virefu vyenye matundu vinavyolitawanya wimbi. Handaki likiwa jembamba, ukinzani wa hewa nao unapanda, kwa hiyo zile namba za Umeme_Mkubwa pale #7 zichukuliwe kama za uwanda wazi. Ndani ya handaki ni zaidi.

---

Umeme_Mkubwa · #16

Sahihi. Na vituo vya katikati, MsomaRamani, kwa kuwa najua ndilo swali litakalofuata: kwa mchapuko wa #14, kusimama mara moja kunakupotezea sekunde 139 kwenye sumaku na 167 kwenye reli, bila kuhesabu muda wa mlango kuwa wazi. Kwa hiyo vituo vichache vya katikati haviiui treni ya sumaku kama wengi wanavyodhani. Kinachogharimu ni umeme: kila kituo kinataka inveta kubwa pande zote mbili kwa karibu km 10, ilhali sehemu isiyo na kituo ungeiwekea ndogo ya kutunza mwendo tu.